Jibu la Kila Mmoja: Kutoka Bahasha ya Posta hadi Kompyuta za Maseno

1906–1959: Wachache na mwalimu wao

Shule ya Maseno ilianzishwa mwaka 1906 na kasisi J. J. Willis wa Church Missionary Society, katika vilima vinavyopitiwa na mstari wa ikweta, kilomita zipatazo 25 kutoka Kisumu. Mwaka 1928 ilipata mkuu ambaye hata leo mtu akisoma habari zake hushangaa kidogo. Carey Francis alikuwa mwanahisabati wa chuo cha Peterhouse, Cambridge, na kazi hiyo aliiacha akaja kufundisha hesabu Nyanza. Alikaa Maseno hadi 1940, kisha akahamia Shule ya Upili ya Alliance.

Elimu ya namna hiyo ilikuwa ya wachache mno, na kwa sababu hiyo hiyo ilikuwa ya karibu. Daftari lilisahihishwa na mtu anayemjua mwenye daftari. Aliyeachwa nje ya lango ndiye aliyetafuta njia nyingine, na njia ilikuwa posta.

Tom Mboya, ambaye ukoo wake ni wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa mkaguzi wa afya katika manispaa ya Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mshahara haukutosha kumrudisha darasani, naye hakutaka kubaki na elimu aliyokuwa nayo. Akajisajili na Efficiency Correspondence College ya Afrika Kusini, akasoma usiku, akatuma mazoezi kwa barua. Mwaka 1955 alikwenda Ruskin College, Oxford. Barack Obama, baba wa rais wa zamani wa Marekani mwenye jina hilo hilo, aliiacha Maseno bila cheti alichokihitaji, na masomo yake akayakamilisha kwa posta huku akisaidiwa na Elizabeth Mooney, mwalimu Mmarekani wa kisomo aliyefanya kazi Nairobi. Mwaka 1959 akapanda ndege kwenda Hawaii.

Kuna jambo katika masomo hayo ya bahasha ambalo husahaulika tukiyacheka kwa ukale wake. Mwanafunzi wa posta alisubiri majuma, lakini kilichorudi kilikuwa kazi yake mwenyewe. Pembeni palikuwa na maneno yaliyoandikwa kwa ajili ya kosa lake yeye, si la mtu mwingine.

1967–1986: Redio jioni, kijitabu mezani

Baada ya uhuru, shule zilizidi walimu waliofuzu. Bunge lilipitisha Sheria ya Bodi ya Elimu ya Watu Wazima mwaka 1966, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa bado chuo kishiriki, kilifungua kitengo cha masomo kwa posta huko Kikuyu. Fedha zilitoka USAID na wataalamu walitoka Chuo Kikuu cha Wisconsin. Waliolengwa kwanza walikuwa walimu wa shule za msingi waliotaka kupanda daraja bila kuacha kazi. Mwalimu wa Kano au Nyakach aliletewa kijitabu kwa posta, akasikiliza kipindi kwenye Sauti ya Kenya, akaandika zoezi, akalituma. Likizo zikifika walikutana ana kwa ana na wakufunzi.

Miaka hiyo hiyo Ahero, kwenye uwanda wa Kano karibu na Kisumu, ilikuwa inabadilishwa sura. Kati ya 1966 na 1969 ulijengwa mradi wa umwagiliaji wa mpunga, na familia zikapewa vishamba vya ekari 4. Kwenye mradi wa mpunga wa Mwea maji huteremka yenyewe kutoka mtoni, Ahero hayateremki. Ni lazima yavutwe kwa pampu kutoka mto Nyando, yaingizwe kwenye mfereji mkuu, kisha yagawanywe kwa vijifereji hadi shamba la kila mkulima. Mto ukijaa pomoni, asiye na kijifereji hapati kitu. Na pampu ina bili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 madeni ya umeme yaliizima, mashamba yakakauka, na mradi ulihitaji kufufuliwa upya. Ninautaja mradi huu kwa sababu historia ya elimu katika ukanda huu imefuata mwendo ule ule: shida haikuwa uhaba wa maarifa huko juu, ilikuwa kipande cha mwisho cha mfereji na mtu wa kulipia pampu.

Katika mpango wa 1967 redio ilikuwa mfereji mkuu. Ilimwambia kila mtu jambo lile lile saa ile ile, na aliyechelewa kurudi nyumbani kipindi kilimpita. Kijifereji kilikuwa kalamu nyekundu ya msahihishaji. Kila mpango wa posta duniani umeujua ugonjwa wa kalamu hiyo: wanafunzi huongezeka, wasahihishaji hawaongezeki, mazoezi hurudi mwanafunzi akiwa ameshasahau aliandika nini. Hata hivyo mbegu iliota. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kutoa shahada ya ualimu kwa masomo ya mbali, na mwalimu wa kijijini akaweza kuwa mwanachuo bila kuhama kijijini.

1990–2015: Ukumbi unajaa

Tume ya Mackay ya 1981 ilipendekeza chuo kikuu cha pili na mfumo mpya wa elimu. Mfumo wa 8-4-4 ulianza 1985, na kundi lake la kwanza la watahiniwa wa kidato cha nne lilifika milangoni mwa vyuo vikuu mwaka 1990. Nafasi hazikutosha. Mojawapo ya majibu ya serikali lilikuwa kuunganisha taasisi mbili jirani pale Maseno, yaani taasisi ya serikali ya mafunzo na chuo cha ualimu cha Siriba, na kuzifanya chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Mwaka 2001 Maseno ikawa chuo kikuu kamili. Chuo cha Bondo kilizaliwa chini yake mwaka 2009, na mwaka 2013 kikapewa hati yake kwa jina la Jaramogi Oginga Odinga.

Lakini wimbi kubwa lilikuwa bado njiani. Watoto walioingia darasa la kwanza bila karo mwaka 2003 walimaliza kidato cha nne mwaka 2014 na kuingia vyuoni 2015. Katikati ya muongo huo idadi ya wanafunzi wa vyuo vikuu nchini ilivuka nusu milioni. Majengo yaliongezeka kiasi, wahadhiri kidogo zaidi.

Matokeo yake yalionekana waziwazi kwenye hisabati. Somo la mwaka wa kwanza liliwaketisha mamia ya vijana ukumbini: wa ualimu, wa takwimu bima, wa uchumi, wa kompyuta. Mmoja alitoka shule ya kitaifa yenye maabara na walimu kamili. Mwingine alitoka shule ya kutwa ambako mwalimu wa hesabu alihamishwa katikati ya muhula na hakuletwa mwingine. Wote wakapewa mhadhara mmoja, karatasi moja ya mazoezi, majaribio mawili na mtihani wa mwisho. Mhadhiri mwenye daftari 500 hawezi kusahihisha kila juma, na hakuna atakayemlaumu. Akitoa zoezi moja kwa wote, zoezi hupata jibu moja, na jibu hupita dukani kwa fotokopi. Ukaribu uliokuwapo enzi za Carey Francis, na hata enzi za bahasha ya Mboya, ulikuwa umetoweka katika muda wa vizazi viwili. Umati ndio ulioufukuza, na umati huo ulikuwa jambo jema: ni watoto wa wakulima wa mpunga na wavuvi walioingia mahali babu zao walipofungiwa.

1997–2005: Satelaiti na diski

Dawa ya kwanza ya kiteknolojia ilikuwa imejaribiwa hata kabla ya wimbi la 2015, nayo ilitoka Washington. Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University mwaka 1997, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kikawa miongoni mwa vituo vya majaribio. Mihadhara ya maprofesa wa Marekani na Ulaya ilirushwa kwa satelaiti, wanafunzi wakaitazama kwenye skrini. Mwaka 2002 makao makuu yakahamia Nairobi. Wazo lilivutia wafadhili na magazeti, nami sioni kama lilistahili shangwe ile. Lilikuwa redio ya 1967 iliyoongezewa picha na kupunguziwa kalamu nyekundu. Mwenye swali aliliuliza bara jingine, kwenye laini ya simu ya wakati ule.

Mradi uliosifiwa kidogo ulikuwa wa wauguzi. Kenya ilikuwa na wauguzi wa cheti zaidi ya 20,000 waliotakiwa kupandishwa hadi diploma, na vyuo vya bweni vilichukua wachache tu kila mwaka. Kwa kasi hiyo wengi wangestaafu kabla ya zamu yao. Mwaka 2005 shirika la afya la AMREF, Baraza la Wauguzi, Wizara ya Afya na kampuni ya Accenture walianza mafunzo kwa kompyuta. Muuguzi alibaki kazini, akasoma kwa diski saa alizozipata kati ya zamu, akarudia sura aliyoiona ngumu, akaipita aliyoijua kutokana na miaka yake wodini. Mazoezi ya vitendo aliyafanya chini ya msimamizi anayemwona kwa macho. Hapakuwa na akili bandia wala jambo la kujivunia kwenye mkutano wa kimataifa. Kulikuwa na mtu mzima anayepewa nafasi ya kwenda kwa mwendo wake, na msimamizi wa kumjibu.

Wazo linalotoka mbali

Tamaa ya kuiachia mashine kazi ya mwalimu wa mtu mmoja ni ya zamani. Sidney Pressey alitengeneza mashine ya maswali huko Ohio katika miaka ya 1920, B. F. Skinner akaja na yake miaka ya 1950, na Chuo Kikuu cha Illinois kikajenga mfumo wa PLATO kuanzia 1960. Mwaka 1984 Benjamin Bloom wa Chicago alichapisha makala iliyowakosesha watu usingizi: mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa peke yake na mwalimu wake, akihakikisha ameshika somo kabla ya kuendelea, aliwapita 98 kati ya wanafunzi 100 wa darasa la kawaida. Watafiti wa baadaye wamepata tofauti ndogo kuliko hiyo, lakini swali la Bloom halikufutika. Utawapaje umati kile anachopewa mwenye mwalimu wake pekee?

Vipande vya jibu viliundwa na watu wasiojuana. Huko MIT, mwishoni mwa miaka ya 1960, ilianzishwa programu ya Macsyma iliyoweza kukokotoa aljebra kwa herufi. Mrithi wake wa bure anaitwa Maxima. Mwaka 2002 Martin Dougiamas wa Australia alitoa Moodle, mfumo wa darasa la mtandaoni ambao chuo chochote kinaweza kuuweka bila kulipia leseni. Kuanzia 2004, Chris Sangwin, akiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, alijenga programu iitwayo STACK inayoitumia Maxima kusahihisha hesabu, na baadaye ikaingizwa ndani ya Moodle. Vyote vitatu ni vya bure. Kwa chuo cha Nyanza hilo lilikuwa na uzito kuliko ubora wa kitu chenyewe.

2009–2019: Maseno inaandika maswali yake

Nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009, bei ya intaneti ikashuka, na M-Pesa, iliyoanza 2007, ilikuwa imeshawazoesha watu kulipa vitu vidogo kwa simu, bando zikiwamo. Pale Chuo Kikuu cha Maseno, David Stern, Mwingereza aliyekuwa akifundisha hisabati hapo, alikuwa na wenzake Wakenya wakijaribu mazoezi ya kompyuta kwa madarasa makubwa. Kutokana na kundi hilo zikaja kambi za hisabati kwa wanafunzi wa sekondari, kuanzia 2011, na asasi ya African Maths Initiative.

Mwaka 2019 hatua kubwa ilichukuliwa. Mhadhiri Michael Obiero na wenzake waliingiza STACK kwenye masomo ya hisabati ya Maseno, wakishirikiana na shirika la IDEMS. Hapa inafaa tusimame tuone kinachotendeka ndani ya mashine, maana ndipo tofauti ilipo.

Tuchukue mfano mwepesi kuliko wa chuoni. Mhadhiri haandiki swali moja. Anaandika kiunzi cha swali, na namba zinachaguliwa na kompyuta. Mwanafunzi aliyeko Ahero anaulizwa afungue mabano ya (x+3)², mwenzake wa Luanda, mji ulio jirani na Maseno, anapewa (x+5)². Hawawezi kunakiliana jibu. Wakitaka kusaidiana, itabidi mmoja amweleze mwingine njia. Huyu wa Ahero anaandika x²+9. Programu haitafuti maandishi yanayofanana na jibu lililohifadhiwa. Inakokotoa kama alichoandika ni sawa na jibu sahihi kwa namna yoyote ile ya kuandika, na 9+6x+x² ingekubaliwa vilevile. Ikikuta si sawa, inapita kwenye mti wa makosa ambao mhadhiri aliupanda mapema: je, amesahau neno la katikati? Amekosea alama? Kwa kuwa kosa la x²+9 linajulikana, ujumbe unamrudia pale pale kwamba 6x imeachwa, pamoja na sababu yake. Anajaribu tena kwa namba nyingine.

Kwa hiyo ujuzi uko kwenye mti ule, na mti unapandwa na mtu aliyesahihisha madaftari ya vijana hawa kwa miaka mingi, anayejua wanapojikwaa. Kuandika swali moja zuri kunaweza kula saa kadhaa. Baada ya hapo linawahudumia mamia kila mwaka, na linaweza kupewa chuo kingine bila malipo.

Kazi haikuwa lelemama. Wanafunzi wa mwanzo husumbuliwa na jinsi ya kuandika hesabu kwa kibodi: ukiacha alama ya nyota ya kuzidisha, programu hailielewi jibu lako, ingawa inakuonya kwanza kabla ya kukukata alama. Kwenye simu ya skrini ndogo usumbufu huo huzidi. Na wako wanaokisia na kukisia mpaka alama itoke. Lakini zoezi la kila juma, lililokuwa limekufa ukumbini, lilirudi.

2020: Maji chini, puto juu

Tarehe 15 Machi 2020 serikali ilitangaza kufungwa kwa shule na vyuo kwa sababu ya Covid-19. Wanafunzi walirudi nyumbani, na nyumbani kwa wengi wa Kano kulikuwa kunaelekea kujaa maji. Mvua za Aprili na Mei zilivunja kingo za Nyando, familia zikahamia kambini, na mwezi Mei kina cha Ziwa Victoria kilipita rekodi ya mwaka 1964. Waliopanga masomo ya mtandaoni walifikiria kompyuta na bando. Hawakufikiria mwanafunzi anayetafuta mahali pakavu pa kuchajia simu.

KENET, mtandao unaounganisha vyuo na taasisi za utafiti, ulitafuta bando za bei nafuu kutoka kwa kampuni za simu. Kisha mwezi Julai kikaja kioja. Telkom Kenya na kampuni ya Loon, ya kundi moja na Google, walizindua intaneti ya puto zilizoelea kilomita zipatazo 20 angani, juu ya magharibi na kati ya Kenya, Kisumu ikiwamo. Kwa miezi michache simu ya mtu wa Nyanza iliweza kunasa mawimbi kutoka anga za juu. Januari 2021 wenye Loon walitangaza kuifunga kwa sababu za gharama. Wakulima wa Ahero walikuwa wameshaona pampu ikizimwa kwa hesabu kama hizo.

Mwaka 2020 uliwatenganisha waliojiandaa na wasiojiandaa. Vyuo vingi viliuhamisha mhadhara kwenye video na karatasi kwenye WhatsApp, yaani umati ule ule ukiwa umetawanyika. Mhadhiri aliyekuwa tayari na benki ya maswali yanayojisahihisha alikuwa na kitu kingine cha kutoa: zoezi jepesi kwa data, linalofanywa saa mbili usiku au saa kumi alfajiri, na linalojibu. Maseno ilikuwa imetangulia kwa mwaka mmoja tu, na kwa masomo machache.

2022 hadi leo: Mashine inayojua kuongea

ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, wanafunzi hawakungoja sera ya chuo. Kwa mara ya kwanza mtu mwenye simu na bando aliweza kuuliza swali lake kwa maneno yake, kwa Kiingereza au Kiswahili, na kuelezwa tena akisema hakuelewa. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi, chini ya kampuni ya Sama, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kuchambua maandishi machafu ili mashine hiyo ijifunze adabu. Kenya ilikuwa ndani ya mashine kabla ya mwanachuo wa Kenya kuifungua.

Mashine hizi mbili, STACK na ChatGPT, hazifanani, na wanaozichanganya wanakosea. STACK inakokotoa, na ikisema umekosa, umekosa. Haiwezi kusema lolote ambalo mwandishi wa swali hakulitazamia. Programu ya kuongea ina la kusema kwa kila jambo, mara nyingine likiwa uongo uliotamkwa kwa ujasiri, na iko tayari kukufanyia zoezi zima. Kama ningeulizwa, ningeipa ya kwanza kalamu nyekundu na ya pili kiti cha mwenzako wa kusoma naye, yule hodari mwenye mdomo ambaye hukubaliani naye mpaka uhakikishe.

Serikali nayo imesogea. Agosti 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati, makao yake Konza, masomo yake yote yakiwa mtandaoni, na Machi 2025 ukazinduliwa mkakati wa taifa wa akili bandia wa hadi 2030. Mkazi wa Ahero anaweza sasa kujisajili chuo kikuu bila kupita stendi ya Kisumu. Bando ananunua mwenyewe. Na mhadhiri anayetumia likizo yake kuandika maswali na miti ya makosa anajua kwamba ukifika wakati wa kupandishwa cheo, uzito hupewa makala zilizochapishwa kwenye majarida; wengi huzitanguliza hizo, nayo maswali hubaki kazi ya wachache wenye moyo wa kujitolea.